Fuata Nyumba: Namna ya Kuongoza Jumuiya Kusoma Matendo ya Mitume

Kiongozi wa jumuiya anayetaka kusoma Matendo ya Mitume na watu wake aanze na uamuzi mmoja: mtasoma mpaka mwisho. Kitabu kina sura 28. Nimeona vikundi vikianza kwa moto siku ya Pentekoste, vikabishana juu ya kunena kwa lugha, vikawazika Anania na Safira, kisha vikaishiwa pumzi kabla Stefano hajasimama mbele ya baraza. Wanaoishia hapo wanabaki na picha ya kanisa la mji mmoja, lenye mitume kumi na wawili mbele na umati nyuma yao. Jinsi kanisa lilivyotoka Yerusalemu likafika Roma katika miaka thelathini hivi, na ni akina nani hasa waliolibeba, hawajaona.

Nilifundisha jiografia sekondari mpaka nilipostaafu, na sasa ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja hapa Moshi. Jumuiya yetu hukutana alfajiri, kwa zamu, sebuleni kwa mtu. Njia ninayoieleza hapa imetoka kwenye mambo hayo mawili, ramani na sebule. Kila mnaposoma, ulizeni walikuwa nyumbani kwa nani. Luka, mwandishi wa kitabu hiki, anawataja wenyeji kwa majina mara nyingi kuliko msomaji wa haraka anavyogundua, na ukiwafuata hao, safari, hotuba na kesi zote zinashikamana.

Ramani ya ukutani

Nunua manila mbili, uziunganishe kwa selotepu, na maka peni za rangi tatu: nyekundu, buluu na kijani. Katikati chora Bahari ya Mediterania. Yerusalemu iwe chini upande wa kulia, Roma juu upande wa kushoto. Kati yake weka kisiwa cha Kipro, nchi ya Uturuki ya leo, Ugiriki na Italia. Kutoka Yerusalemu hadi Roma kwa mstari ulionyooka ni kilomita 2,300 hivi, kwa hiyo ukihesabu sentimita moja kwa kilomita 30, ramani itaenea vizuri. Usichukue ramani iliyochapishwa ukaibandika tu. Mji ulioandikwa kwa mkono siku ileile uliposomwa haumtoki mtu kichwani.

Nyekundu ni njia za mitume. Buluu ni njia za waumini wengine wote. Kijani ni nyumba: kila mwenyeji anapotajwa, weka nukta ya kijani na uandike jina lake pembeni. Paulo na Barnaba wape nyekundu kuanzia safari yao ya kwanza, maana sura ya 14 yenyewe inawaita mitume. Stefano, Filipo na wenzao wa wale saba ni buluu. Filipo wa sura ya 8 si Filipo mtume. Lifafanue hilo mapema kwa sababu lazima litaulizwa.

Wewe kiongozi nakuambia sasa ninachotaka watu wako wakione: buluu hufika kwanza. Wao usiwaambie. Waichore wenyewe.

Gawa kitabu pale Luka alipogawa

Kugawa kwa sura, sura moja kila wiki, kunakata masimulizi pabaya. Luka ameweka vituo vyake mwenyewe, sentensi fupi zinazosema kwamba neno lilienea au kanisa lilizidi kukua. Vitafuteni pamoja: 6:7, 9:31, 12:24, 16:5 na 19:20. Kila kimoja kinafunga sehemu, na kwa hiyo mnapata sehemu sita, ya mwisho ikimalizikia Roma. Jumuiya inayokutana mara moja kwa wiki itenge miezi mitatu. Sehemu ya tano ipewe muda mrefu kuliko zote, nitaeleza kwa nini.

Kila mkutano una kusoma kwa sauti na maswali matatu. Nani yupo hapa ambaye si mtume? Walikutana wapi? Nani aligharimia? Swali la tatu ndilo linalofungua midomo ya watu wanaonyamaza. Watu wa jumuiya wanajua michango. Wanajua nani hupika chai, nani huazima viti kwa jirani, na nani hulipa bila kutajwa. Waulize hivyo, watasoma kama watu waliopo.

Hotuba ni sehemu kubwa ya kitabu hiki na ndizo zinazowachosha wasomaji. Mpe mtu mmoja hotuba nzima wiki moja kabla, aisome akiwa amesimama. Hotuba ya Stefano katika sura ya 7 ni ndefu na haikuandikwa isomwe kimoyomoyo. Tulimpa mzee mmoja ambaye husoma polepole sana, na alipofika mahali Stefano anapowageukia wasikilizaji na kuwaambia wana shingo ngumu, watu waliacha kufuata kwenye Biblia zao wakamtazama yeye.

Jambo jingine dogo la kuwaonyesha. Saa za kitabu hiki huhesabiwa tangu jua kuchomoza, kama tunavyohesabu sisi. Petro anasema ni saa tatu ya mchana, anapanda darini saa sita kuomba, na yeye na Yohana wanakwenda hekaluni saa tisa, saa ya kusali. Hakuna hesabu ya kufanya. Ni saa zetu zilezile.

Yerusalemu, 1:1 hadi 6:7

Mabishano juu ya kunena kwa lugha yatakuja. Yape kikao kimoja, msikilizane kwa heshima, kisha msonge mbele. Ninachokusihi usikiruke ni ile orodha ya 2:9–11, ambayo wasomaji wengi huipita mbio kwa sababu majina yake ni magumu. Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Mesopotamia, Kapadokia, Ponto, Asia, Frigia, Pamfilia, Misri, Libia upande wa Kirene, wageni kutoka Roma, Wakrete, Waarabu. Weka kila moja kwenye ramani, hata kama nyingine zitaangukia pembeni mwa karatasi. Hawa walikuwa mahujaji na wageni, watu wenye makwao. Siku ile waliongezeka watu wapatao 3,000, na baada ya sikukuu msafiri hurudi kwake. Hapo chora mistari ya buluu ya nukta nukta kutoka Yerusalemu kwenda kwenye hizo nchi, maana Luka hasemi nani alirudi na nini. Utazihitaji nukta hizo mwishoni.

Kisha tulieni kwenye sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku, yaani mgawo wa chakula. Kila mtu aliyewahi kugawa mahindi ya msaada anajua manung'uniko hayo yanavyosikika. Mitume hawakuwakaripia walalamikaji. Waliwaambia wachague watu saba, na majina ya hao saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Waliokuwa wanasahauliwa walikabidhiwa kijiko cha kugawia. Na wawili kati ya hao, Stefano na Filipo, ndio wanaolitoa kanisa nje ya Yerusalemu katika sehemu inayofuata. Kwangu mimi hapa ndipo kitabu kinapogeuka, kwenye foleni ya chakula, kabla ya jiwe la kwanza kurushwa.

Waliotawanyika, 6:8 hadi 9:31

Someni 8:1 mara mbili. Baada ya kuuawa Stefano, wote walitawanyika katika nchi ya Uyahudi na Samaria, isipokuwa mitume. Acha kimya kidogo baada ya maneno hayo mawili ya mwisho. Mitume walibaki Yerusalemu. Walioondoka na kulihubiri neno njiani ni wale ambao hatujui majina yao, wakiwa na watoto, mizigo na vyungu vyao.

Sasa maka peni ya buluu inafanya kazi. Filipo anafika Samaria, na Petro na Yohana wanafuata baadaye. Filipo anapelekwa kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, anamkuta towashi, mtunza hazina wa Kandake malkia wa Kushi, akisoma Isaya garini mwake. Kushi ilikuwa ufalme wa Meroe, kandokando ya Mto Nili, katika Sudan ya leo. Chora mstari wa buluu kuelekea kusini mpaka utoke nje ya karatasi. Imani inaelekea Afrika katika sura ya 8, na Ulaya haitafikiwa katika masimulizi mpaka sura ya 16.

Sauli, ambaye ndiye Paulo, anapokwenda Dameski, anakwenda kuwakamata watu wa Njia, yaani waumini, ambao wako huko tayari. Nani aliwafikishia? Luka hasemi. Buluu tena. Na nukta ya kijani: nyumba ya Yuda, katika njia iitwayo Nyofu, ambako Sauli alikaa siku tatu bila kuona, bila kula wala kunywa. Njia hiyo ipo Dameski hadi leo.

Yafa, Kaisaria, Antiokia, 9:32 hadi 12:24

Petro anakaa siku nyingi Yafa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba yake iko pwani. Msipite. Kazi ya ngozi ilinuka, na Wayahudi wacha Mungu waliidharau kwa sababu ya kushika mizoga. Petro anakula na kulala hapo, na hapo ndipo anapoona lile shuka likishuka lenye wanyama wa kila namna. Kabla hajaingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi, alikwisha kuzoea kuingia nyumba ambayo wengine wangeikwepa. Hayo ni maoni yangu, Luka hayasemi waziwazi, lakini anataja kazi ya Simoni zaidi ya mara moja na sidhani kwamba ni bure. Uliza pia nani alitangulia kufika Kaisaria. Jibu liko 8:40, na ni Filipo.

Kisha 11:19–26, mistari minane ambayo ningeiwekea mstari wa wino katika kila Biblia. Waliotawanyika kwa ajili ya Stefano walisafiri hadi Foinike, Kipro na Antiokia, wakisema na Wayahudi peke yao. Lakini baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walipofika Antiokia wakasema na Wayunani pia. Kirene iko Libia ya leo. Kwa hiyo waliovuka ule mpaka kwa wingi, waliolianzisha kanisa lililokuja kuwatuma Paulo na Barnaba, walikuwa wakimbizi wasiotajwa majina, na miongoni mwao Waafrika wa kaskazini. Antiokia hiyo ni Antakya ya Uturuki, na kutoka Yerusalemu ni mwendo unaokaribia barabara ya Moshi hadi Dar es Salaam. Hapo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Na swali la gharama lina jibu zuri: njaa ilipokuja wakati wa Kaisari Klaudio, kanisa hili changa la Antiokia ndilo lililochanga kuwapelekea ndugu wa Uyahudi.

Sura ya 12 inawapa tarehe ya kushika. Herode Agripa wa kwanza, aliyemuua Yakobo ndugu yake Yohana, alifariki mwaka 44 B.K. Iandikeni juu ya ramani. Na nyumba ya Mariamu mama yake Yohana Marko, ambako watu wengi walikuwa wakiomba usiku, mpeni mtoto asome sehemu ya Roda, yule msichana aliyeitambua sauti ya Petro akakimbia kwa furaha kutoa habari na kumwacha nje anabisha.

Safari ya kwanza na baraza, 12:25 hadi 16:5

Hapa pana mtego mmoja wa jiografia: Antiokia ni mbili. Ile ya Shamu inayowatuma, yaani Antakya tuliyoitaja, na ile ya Pisidia wanayohubiri, ndani zaidi katika Uturuki hiyohiyo ya leo. Andikeni zote mbili kwa majina kamili tangu mwanzo. Njia ni Seleukia, Salami na Pafo huko Kipro, Perge ambako Marko alirudi nyumbani, Antiokia ya Pisidia, Ikonio, Listra, Derbe, kisha wanarudi kwa njia ileile katika miji iliyowafukuza, wakiwawekea wazee katika kila kanisa. Kurudi huko kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Paulo alikuwa amepigwa mawe Listra hadi wakadhani amekufa, naye akaingia tena Listra.

Baraza la sura ya 15, karibu mwaka 49, lililoamua habari za Mataifa, yaani waumini wasio Wayahudi, lisomwe likiwa limegawanywa kwa sauti: mmoja Petro, mmoja Yakobo, mmoja wa Mafarisayo walioamini. Kisha ulizeni, je, Mataifa wenyewe walikuwa na nani wa kuwasemea chumbani humo? Barnaba na Paulo. Muda mfupi unatosha.

Nyumba za mijini, 16:6 hadi 19:20

Hii ndiyo sehemu ya kukaa. Kabla ya kuanza, soma 16:7 na utie alama ya msalaba kwenye ramani: Paulo na wenzake walijaribu kwenda Bithinia, kaskazini mwa Uturuki, lakini Roho hakuwaruhusu. Iache alama hiyo hapo bila maelezo.

Filipi hapakuwa na sinagogi la kutajwa. Wanawake walikutana kando ya mto kusali. Lidia, mwenyeji wa Thiatira, aliuza rangi ya zambarau, bidhaa ya matajiri, iliyopatikana kwa kazi kubwa kutoka konokono wa baharini. Aliamini, akabatizwa na nyumba yake, akawashurutisha wakina Paulo wakae kwake. Katika jumuiya yetu yuko mama anayeuza vitenge sokoni. Tulipofika 16:40, Paulo na Sila wanatoka gerezani na kwenda moja kwa moja kwa Lidia, alisema, "Mwalimu, huyu mama ana mtaji na wateja wake ni wakubwa. Watu wametoka jela na migongo ina vidonda, mtaa mzima unaona wanaingia kwake. Alijua wateja wataongea." Sikuwa na la kuongeza. Baada ya hapo someni Wafilipi sura ya 4, ambamo Paulo anawashukuru kwa kumtumia mahitaji mara kwa mara. Hilo ndilo kanisa lililoanzia kwa Lidia.

Thesalonike ilikuwa kwenye Via Egnatia, barabara kuu ya Warumi iliyokatiza Makedonia, nayo Filipi ilikuwa juu ya barabara hiyohiyo. Mwenyeji ni Yasoni. Umati ulipowakosa Paulo na Sila ulimburuta yeye na ndugu wengine hadi kwa wakubwa wa mji, nao wakatozwa dhamana. Swali la nani aligharimia halihitaji mjadala hapo. Paulo aliondoka usiku uleule, Yasoni akabaki na majirani zake.

Korintho panafaa muende na fundi. Kijana mmoja wetu hushona maturubai ya magari, nilimwomba aje na kazi yake. Alikaa sakafuni na turubai mapajani, anachoma kwa shazia, anavuta uzi kwa mkono wote, huku mwenzake anasoma 18:1–4, jinsi Paulo alivyokaa na Akila na Prisila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema. Hakuna neno lililopotea kwa kelele. "Kazi hii haizuii mdomo, Mwalimu," alisema. "Mteja akikaa hapo, nashona tunaongea mpaka jua linazama." Ndipo watu walipoona kwamba Paulo hakuwa anaacha kuhubiri ili ashone.

Akila na Prisila walikuwa Korintho kwa sababu Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma, jambo ambalo kwa kawaida huwekwa mwaka 49. Wafuate hao wawili kwa kijani, maana ni funzo zima. Korintho, Paulo anakaa kwao. Efeso, wanatangulia kubaki huko kabla yake, wanamchukua Apolo wa Aleksandria kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Katika 1 Wakorintho 16:19, iliyoandikwa kutoka Efeso, kuna kanisa nyumbani mwao. Katika Warumi 16 wamerudi Roma, na kanisa liko nyumbani mwao tena. Miji mitatu, familia moja ya mafundi wasio na watoto wa kutajwa, na kila walipofungua karakana kanisa lilipata paa.

Tarehe ya pili ya kuandika ni ya Galio, liwali wa Akaya, jimbo la Korintho. Jiwe lililopatikana Delphi lenye barua ya Klaudio linamtaja, na kwa hilo tunajua alikuwa Korintho karibu na mwaka 51 hadi 52. Kutoka kifo cha Agripa hadi Galio ni miaka saba au minane tu. Wanafunzi wangu wa zamani wangesema ni darasa la kwanza mpaka la saba.

Efeso, Paulo anatumia darasa la Tirano kwa miaka miwili. Baadhi ya hati za kale zinaongeza kwamba ilikuwa tangu saa tano hadi saa kumi, yaani wakati wa jua kali, ambapo watu hupumzika na ukumbi huwa mtupu. Asubuhi anafanya kazi ya mikono, na mchana anafundisha ukumbi ambao mwenyewe hautumii. Luka anasema wote waliokaa Asia walilisikia neno, lakini Paulo mwenyewe hakuzunguka Asia yote. Kolosai, kwa mfano, aliyefundisha ni Epafra, Wakolosai 1:7. Chora buluu.

Kesi na bahari, 19:21 hadi 28:31

Hapa ongeza mwendo. Ghasia za Demetrio mfua fedha huko Efeso zisomwe kwa ukamilifu, kwa sababu zinaonyesha injili ilivyogusa mifuko ya watu, na ukumbi wa maonyesho ambamo walipiga kelele kwa saa mbili bado umesimama karibu na mji wa Selçuk, Uturuki. Kesi za Paulo mbele ya maliwali Feliki na Festo, na mfalme Agripa wa pili, zinafanana. Chagueni moja, napendekeza ya sura ya 26, na nyingine simulia kwa maneno yako. Sura ya 27 yote isomwe kwa mkupuo mmoja na vijana wakipokezana. Watu 276 melini, nanga nne, usiku, na Paulo anawasihi wale chakula.

Meli ikishavunjika Melita, Malta ya leo, na safari kuendelea, simameni 28:13–15. Puteoli, bandari ya Italia, wanawakuta ndugu. Ndugu wengine wanatoka Roma hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu kuwalaki. Uliza: nani aliwahubiri hawa? Paulo alikuwa amekwisha kuwaandikia Warumi kabla hajaiona Roma. Hapo mtu atanyanyuka mwenyewe kuigusa ile mistari ya nukta nukta ya Pentekoste, wageni kutoka Roma. Kwetu alikuwa bibi mmoja ambaye hasomi, ambaye wiki zote alikuwa anafuata ramani kwa macho.

Na kitabu kinaishia wapi? Katika nyumba ya kupanga. Paulo anakaa miaka miwili Roma kwa gharama yake mwenyewe, akiwapokea wote waliomwendea. Weka nukta ya kijani ya mwisho.

Kikao cha wenyeji

Tangu wiki ya kwanza, kila mtu apewe mwenyeji mmoja wa kumtunza: Mariamu wa Yerusalemu, Simoni wa Yafa, Lidia, Yasoni, Tito Yusto ambaye nyumba yake ilipakana na sinagogi la Korintho, Filipo mwenye mabinti wanne waliotabiri Kaisaria, Mnasoni wa Kipro, Publio wa Melita. Kikao cha mwisho kila mmoja asimulie kwa dakika chache yaliyotokea nyumbani kwake. Wasiosoma hufanya vizuri kuliko sisi sote, kwa sababu wamesikiliza. Mwongozaji asihubiri siku hiyo.

Siku hiyohiyo, wakimaliza, rudi kwenye ile alama ya Bithinia. Karibu mwaka 112, Plinio, aliyekuwa mtawala wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajano akiomba ushauri. Wakristo walikuwa wengi, mjini na vijijini, hata mahekalu ya zamani yalikuwa yamekaribia kuachwa. Aliambiwa kwamba hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Ili apate ukweli aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa. Nchi ambayo Paulo alizuiwa kuingia ilikuwa, miaka sitini baadaye, imejaa. Waraka wa kwanza wa Petro tayari unawasalimu waumini wa Ponto na Bithinia, na Ponto imo kwenye orodha ya Pentekoste. Waliofikisha hatuwajui hata mmoja. Wape watu maka peni ya buluu.

Wakiuliza habari za Tomaso kufika India au Marko kufika Aleksandria, waeleze kwamba hayo ni mapokeo ya makanisa ya huko, ya zamani na yanayopendwa, na hayamo katika Matendo. Yachoreni kwa penseli.

Wiki inayofuata msitafute kitabu kirefu. Chukueni Waraka kwa Filemoni, sura moja, mistari 25, ulioandikwa kwa Filemoni, Afia, Arkipo na kanisa lililo katika nyumba yao, juu ya mtumwa Onesimo anayerudishwa mlangoni. Usomwe wote kwa sauti kabla ya swali lolote, kisha ulizeni kila aliyekuwa sebuleni mle siku ule waraka uliposomwa alikuwa amekaa wapi, na nani alimfungulia Onesimo mlango.